Firigisi Niliyopewa Njiani

Wengine wakisikia kisa hiki hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Hawakuwa barabarani siku ile. Nilikuwa mimi na baiskeli yangu tu, na nasema niliyoyaona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikikamua ng'ombe kwa mzungu mmoja karibu na Kachibora. Nilipotoka nyumbani, upande wa Lwakhakha, baba alikuwa amenikasirikia. Akanitamkia neno: "Nenda. Usipate pa kukaa." Kwetu neno la mzazi si upepo. Basi siku moja jirani akaniletea habari kwamba mzee amelala kitandani, ananiita aliondoe neno lake kabla hajafa. Ni yeye tu angeweza kuliondoa, na lazima niwe mbele yake.

Nikapanda baiskeli alfajiri. Amini usiamini, siku hiyo dunia nzima ilikuwa na huruma. Kitale nikapata pancha, fundi akaziba, akakataa malipo aliposikia naenda kwa mgonjwa. Mbele kidogo mama mmoja akanipa hindi la kuchoma. Nikajiambia watu ni wema. Ningejuaje?

Alasiri, kabla sijafika Kamukuywa, mvua ikanikuta katikati ya mahindi ya walowezi. Nikaona nyumba ya nyasi inafuka moshi, na bibi kizee mlangoni, hana meno ya chini, bangili ya shaba mkononi. Nikamwita kukhu, kama tunavyomwita bibi yeyote.

"Ingia, mjukuu wangu. Si umelowa."

"Kukhu, sikai. Baba yangu ni mgonjwa."

"Najua. Lakini kuku nimeshakamata."

Najua, alisema. Nikadhani ni namna ya kuongea tu. Na kwetu kuku akishakamatwa kwa ajili yako, huondoki. Ukiondoka umemtukana mwenye nyumba. Nikakaa. Akanyonyoa polepole, akapika polepole, na mimi naitazama baiskeli yangu pale nje huku roho ikiniwaka. Alipopakua, akaniwekea firigisi mkononi.

Firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto haigusi baba yake akiwa hai. Nikamwambia, "Kukhu, hii ni ya baba."

"Kula tu. Sasa ni yako."

Nikala. Ungekuwa wewe ungefanya nini, bibi wa watu amekuchinjia kuku?

Nilifika nyumbani giza limeingia, nikasikia kilio kabla sijashuka. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza. Mzee alishinda akijikaza, akiuliza kama nimefika. Kisha mvua ilipoanza akatulia, akasema, "Mwacheni ale kwanza. Mama amemchinjia kuku." Hakusema neno lingine tena.

Nikamweleza shangazi, dada yake baba, habari ya ile nyumba karibu na Kamukuywa, ya bangili na ya meno. Akakaa chini.

"Huyo ni mama yetu," akasema. "Tulimzika huko, kabla mzungu hajalima juu yake. Alikuja kuchukua mtoto wake. Alijua wewe ukifika, baba yako atataka kubaki nawe, atakataa kwenda."

Niliporudi kazini nilipita palepale. Mahindi matupu, hata jiwe la meko hakuna.

Watu huniambia, bibi yako alikupenda, si alikulisha? Mimi nina uchungu naye mpaka leo. Alininyang'anya haki yangu akanipa nyama. Nilijenga Chwele, nyumba ikaungua. Nikajenga Bungoma, nikafukuzwa kwenye kiwanja. Hiki chumba ninachowasimulia ndani yake nimepanga, na mwenye nyumba ameanza kuninunia. Mke wangu akichinja kuku, firigisi mimi humpa paka.

Kwa hiyo wewe unayeitwa na mzazi, ukikutana na wema njiani, pokea maji, shukuru, na mguu mmoja uwe kwenye pedali. Ukisikia kuku analia nyuma ya nyumba, ondoka. Afadhali utukanwe.