Siku Niliyomwita Enspekteri Akaja

Habari hii niliificha hata kwa bibi yangu, mama wa watoto wangu, naye ndiye mtu ninayemwambia mpaka ndoto zangu, lakini kwa kuwa nusu ya kijiji chetu cha Lushebere iliniona nimelala tumbo chini kwenye vumbi na jani la viazi mdomoni, afadhali muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa watu, maana ile ya watu imeshaota mkia na pembe.

Mnajua wakati wa zile fujo za vita bibi yangu alishuka mjini Sake kwa wazazi wake pamoja na watoto, mimi nikabaki kulinda nyumba na shamba, kwa sababu huku kwetu shamba likikosa mtu kidogo tu utalikuta lina mwenyewe mwingine. Nyumba ikanyamaza mpaka nikawa nasikia kucha zangu zikiota. Basi nilipowapelekea maharagwe nikarudi na sungura mweupe wa soko la Sake, na nia yangu ilikuwa safi kabisa: nimnenepeshe, tumle siku watakaporudi. Mama aliyeniuzia ndiye aliyeniharibia nia.

“Usimukamate na masikio, papa. Iko na roho ya woga. Ukae chini, umusemeshe polepole kila asubuhi. Siku moja atakuya yeye mwenyewe.”

Nilimwita Enspekteri, kwa sababu aliniangalia kama msimamizi wa mtihani anayejua kilicho ndani ya soksi yako. Kila alfajiri nililala sakafuni na chupi tu (suruali ya heshima ni moja, haiwezi kufagia nyumba), jani la viazi kwenye meno, nikamnong’oneza. Nilianza na mito ya Kongo, nikaja kwenye pembetatu, lakini siku ya nne masomo yote ya diploma yangu yalikuwa yameisha, na yeye bado amenipa mgongo kwenye kona yake, anatafuna. Nikaanza kumwambia habari za jirani. Jirani ninaye mmoja wa karibu, Papa Bauma, ua wake na wangu ni uleule mmoja, basi Bauma huyu, Bauma yule, wiki tatu nzima.

Sikujua kwamba asubuhi moja bibi yake, Mama Feza, alikuja kuomba moto. Kabla ya kubisha alichungulia kwenye ufa wa mbao, akaona mwanaume mzima karibu uchi akinong’oneza jina la bwana yake kwa kitu cheupe chenye macho mekundu. Alirudi bila moto. Siku chache baadaye Papa Bauma akaanguka, homa, tumbo, siku kumi hajainuka, na hapo Mama Feza akasema yote. Na ubaya wa maneno yale haukuwa kwangu peke yangu: wazee wa kwetu wanasema mtu aliyerogwa usimpeleke kwenye sindano, sindano itammaliza, kwanza aliyemfunga amfungue. Kwa hiyo mtu alikuwa anakufa ng’ambo ya ua wangu, na wote wanangoja mimi nimfungue.

Jumapili baada ya misa walijaa uwanjani kwangu. Wengine walishika mawe, kwa utaratibu tu, kama mtu anavyoshika mwavuli. Mbele alisimama Papa Nyumbakumi, mkubwa wa nyumba zetu kumi.

“Sema mbele ya batu,” Mama Feza akaniambia. Macho yake yalikuwa yameisha kwa kukesha. “Jina ya bwana yangu ilikuwa inatafuta nini mu kinywa yako?”

“Mama Feza, ile ilikuwa zoezi ya kisayansi.”

(Nani alinituma?)

“Munasikia?” mtu mmoja akasema nyuma. “Amesomea.”

“Njo maana alikuwa anasoma usiku,” mwingine akamjibu. “Masomo gani inangojaka giza?”

Papa Nyumbakumi akainua mkono. “Acha sayansi, kijana. Tuonyeshe tu vile unafanyaka.”

Enspekteri alikuwa amekimbilia chini ya rundo la mbao, vijana wawili walishindwa kumtoa na fimbo. Nikalala chini, na suruali ya heshima, nikatia jani mdomoni, nikaanza kunong’oneza mto Luwowo na mto Lowa na Kongo yenyewe. Mama mmoja akacheka, akajaribu kujizuia, ikashindikana, na kicheko kikaenda uwanja mzima kama moto kwenye majani makavu. Niliona wanaume wakiachia mawe. Hapo ningenyamaza, ningesimama, nipanguse magoti, tumbebe Bauma. Lakini nilitaka kicheko kimoja cha juu. Nikaita kwa sauti tamu: “Enspekteri, kuya kwa baba.”

Akaja.

Wiki tatu alinikataa, na siku ile akatoka chini ya mbao, akapita katikati ya miguu ya watu wote, akaja mpaka puani kwangu, akavuta jani kutoka midomo yangu. Niliguswa na ndevu zake. Wanaume wakainama, wakaokota tena mawe yao.

Papa Nyumbakumi akainama sikioni kwangu. “Mwanangu, muchawi hawezi kula kitu anarogeaka. Kama ni nyama, ikule. Ukiikula, njo utaishi hapa.”

Nilimbeba mikononi, sikumshika masikio, na hakupiga hata teke moja. Sitaeleza kisu. Nilimla mbele yao wote na bugali na chumvi, na Mama Feza akachutama karibu yangu akiangalia koo langu kila nilipomeza, mpaka mfupa wa mwisho. Kisha wakageuka kutazama mlango wa Bauma, kuona kama amefunguka. Bauma aliendelea kuungua vilevile.

“Kumbe ni nyama tu,” Mama Feza akasema, akaketi chini akaanza kulia.

Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kwenda kituo cha afya, mimi bega la mbele. Muuguzi alituambia ni tifoidi, akatutukana kwa zile siku kumi, na alikuwa na haki. Tulipokuwa bado njiani kwenda, kwenye mlima, Bauma alifungua jicho moja.

“Ulikuwa unamuambia nini juu yangu?”

“Kwamba unakoroma.”

Akafumba jicho. Sikumaliza: kwamba nikisikia anakoroma ndipo mimi nalala, kwa sababu kuna mwingine aliye hai karibu.

Amepona, anakoroma. Mama Feza huniletea moto siku hizi kabla sijauomba, na hatuangaliani machoni. Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, jina la mtu nitalitaja kwa sauti kubwa, mlango wazi, na suruali. La pili, nikifuga tena nitafuga bata, naye nitamfundisha kitu kimoja tu: nikimwita, akimbie.