Vifaranga Walipoisha, Nilimtaja Mama Faith

Nimekosa, na kabla hujasoma mbele nakuambia sina wa kumlaumu. Si shetani, si joto la huku, si bosi. Ni mimi, uvivu wangu na mdomo wangu. Hapa Riyadh sina mtu wa kumwambia haya, kwa hiyo acha nikuambie wewe usiyenijua.

Mimi ni Mkenya, dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Suwaidi. Nalala kwenye chumba kidogo kando ya geti. Juu kabisa, kwenye paa la saruji, ndiko alikokuwa akilala mwenzangu kutoka nyumbani, mfanyakazi wa ndani, shagala kama wanavyoitwa huku. Nitamwita Mama Faith. Alipika, akafua, akalea watoto wa wenyewe, na nguo zote alizianika hukohuko paani.

Bosi wetu, tunayemwita Baba, anapenda kuku wa kienyeji kuliko wengine wanavyopenda mpira. Wakati wa baridi alinunua vifaranga, vidogo kabisa, akaweka tundu la mbao na waya kule paani pamoja na taa ya kuwapa joto. Akauliza nani anajua kuku. Mimi huyo! Nikajipiga kifua nikamwambia nimekulia kwenye kuku, mama yangu kule Bungoma amefuga maisha yake yote.

Na kweli nilijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi! Nilijua kifaranga hupewa chakula kidogo kidogo, mara nyingi, na jioni kilichobaki kiondolewe chote, kwa sababu chakula kikilala wazi kinaita panya. Nyumbani tulichapwa kwa kusahau hilo.

Lakini ngazi zile, jamani! Nikitoka kuwapeleka watoto shule, madam anataka kwenda sokoni. Nikirudi, Baba anataka kwenda kwa ndugu zake. Tena siwezi kupanda tu ninavyotaka, maana mwanamume akikutwa paani na shagala, ni balaa kwa wote wawili. Nikifika ngazi ya mwisho nilipaswa kupiga makofi, Mama Faith aingie chumbani mwake afunge mlango, ndipo nitokeze. Tulikuwa tukisalimiana hivyo, yeye ndani, mimi nje.

Nikaanza ujanja. Jioni nikawa namwaga chakula cha siku nzima, sinia linajaa pomoni, ili asubuhi nisipande.

Siku moja Mama Faith akaniita akiwa nyuma ya mlango wake. "Kaka, hiki chakula unaacha kingi sana. Nimeona mavi ya panya hapo kwa tangi la maji."

"Ni ya njiwa hayo," nikamjibu. "Wewe angalia nguo zako."

Hakubishana. Alisema tu, "Haya kaka," na mimi nikashuka nikijiona mjanja.

Vifaranga wakaanza kupungua. Leo yupo, kesho hayupo, hakuna damu, hakuna hata manyoya. Nikawa namwambia Baba wamekufa kwa baridi na nimewatupa. Mpaka siku alipopanda mwenyewe, akakuta tundu karibu tupu. Akaniita uani, uso umemwiva.

"Wako wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kunyamaza! Lakini niliogopa kazi yangu, na neno likatoka lenyewe. "Ni paka, Baba. Shagala anaacha mlango wa ngazi wazi akianika nguo."

Mlango ule nilikuwa nimeukuta wazi mara moja tu tangu vifaranga waje. Na mara hiyo, aliyeuacha wazi ni mimi.

Nilidhani atafokewa kidogo yaishe. Kumbe madam naye alikuwa jikoni anasikia. Akamwita Mama Faith, akaja na mikono yenye povu la sabuni. Alipoambiwa kosa lake alishangaa, halafu akatulia. Akasema, "Madam, muulize dereva. Yeye anajua kama huwa naacha wazi."

Aliniita mimi niwe shahidi wake! Mimi!

Baba akanigeukia. "Sema."

Nikaangalia vigae vya sakafu. "Huwa anaacha wazi."

Mama Faith hakupiga kelele. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili, ambacho pale ni sisi wawili tu tuliokielewa: "Kaka, si unajua naenda nyumbani?"

Nilijua. Mkataba wake ulikuwa ukingoni na madam alikuwa amemwahidi tiketi baada ya Ramadhani. Huyo Faith mwenyewe, bintiye, alimwacha hajaanza kutembea, na siku hizi mtoto alikuwa akimwimbia mamake nyimbo za shule kwenye simu. Nilimsikia mara nyingi akicheka naye nikiwa kwenye ngazi.

Madam akasema hakuna tiketi. Dada yake aliyeko Jeddah alikuwa anatafuta mtu, basi Mama Faith aende huko, na habari za kurudi kwao zitaangaliwa baadaye. Baadaye lini, hakuna aliyesema.

Na unajua nani aliyempeleka kituo cha basi? Ni mimi dereva. Madam alikaa nyuma pamoja naye, na mimi nikawa naliona lile begi lake kwenye kioo, amelipakata mapajani. Nilipomfungulia mlango alisema asante. Nilitamani anitukane!

Mlango wa ngazi ukatiwa kufuli, ufunguo ukawa mfukoni mwangu. Hakuna paka ambaye angepita. Na vifaranga wakaendelea kuisha.

Nikajua. Nikapanda na nyundo, nikang'oa ubao wa chini wa tundu. Mungu wangu! Kulikuwa na shimo la panya pana kama kikombe, chakula changu nilichokuwa nikimwaga kimekusanywa humo, na pembeni vijiguu vya vifaranga. Nilikaa chini pale paani nikalia kama mtoto. Chumba chake kilikuwa wazi, kitupu.

Asubuhi nilijikaza nikamwambia Baba. "Shagala hakuwa na kosa. Ni panya, na ni mimi niliyewaita."

Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Halas," akasema, yaani yamekwisha. "Kuku mafi, shagala mafi." Yaani kuku hakuna, shagala hakuna. "Yalla, watoto wanachelewa shule."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Sikujiandaa kwa hilo. Nikawasha gari.

Wakati wa likizo niliwapeleka Baba, madam na watoto Jeddah, kwa huyo dada ya madam, mtaa wa Al-Nuzha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofungua buti, geti likafunguka akatoka yeye kuchukua mizigo. Alikuwa amekonda, kilemba kimemshuka machoni.

"Mama Faith, nisamehe. Walikuwa panya. Nimeshamwambia Baba."

"Ulimwambia lini?"

"Ulipokwisha kuondoka."

Akashika begi la kwanza. "Kaka, usiniongeleshe hapa. Madam wa huku hana mchezo. Akituona atatunga yake, na simu yangu amenirudishia juzi tu."

"Aki niambie nikusaidie vipi."

"Huwezi." Hakusema kwa hasira, na bora angekasirika. "Hata ukitaka, huwezi. Niwekee hilo sanduku chini."

Nikaliweka chini. Akaingia nalo ndani, na siku zote tulizokaa Jeddah sikumwona tena. Ningegonga mlango wa nani? Ningesema namtaka nani? Dereva anayemuulizia shagala wa watu angemwongezea matatizo juu ya yale niliyompa.

Njiani kurudi Riyadh, Baba na watoto wamelala, nilimwomba madam ruhusa ya kuzungumza. Nikamweleza kila kitu, mlango, sinia, panya, uongo wangu. Nikamsihi amrudishe ili apewe tiketi yake.

"Najua," akasema. "Baba aliniambia zamani."

Nikapunguza mwendo nimsikie vizuri.

"Lakini dada yangu amempenda. Anasema hajawahi kupata mfanyakazi mzuri namna hiyo. Hataki kumwachia."

Ole wangu! Nilishika usukani nikaendelea kuendesha, maana ndiyo kazi niliyoitetea.

Wewe unayefuga, ondoa chakula jioni, na usidharau anayekuambia ameona mavi ya panya. Lakini hilo ni dogo. Wewe unayeishi nyumba ya watu pamoja na mwenzako, ukikosa, sema wakati bado amesimama hapo anakutazama wewe umtetee. Ukingoja aondoke utasema sana, watakusikiliza vizuri tu, watakuamini kabisa, na yeye hatarudi nyumbani.