Jembe Lililobaki Rubondo

Barua ya ofisi ya wakimbizi ilinikuta Mbarara, kwenye wodi alimolazwa baba, mguu umefungwa kuanzia paja. Miezi minne mama na mimi tulikuwa tukipokezana kumuuguza. Barua ilikuwa ya Kiingereza, fupi. Kuhusu kiwanja chetu cha Rubondo, kule kambini, ilisema neno moja tu, abandoned, yaani kimetelekezwa, na kwamba baada ya wiki mbili kitapewa mtu mwingine. Nilikasirika, nikamsomea baba.

Baba alikuwa mwalimu wa Kifaransa kabla ya vita, na maumivu hayakumtoa kwenye ualimu.

"Hilo neno Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa," aliniambia. "Zamani halikuwa kuondoka tu. Lilikuwa kuweka kitu chini ya amri ya mwingine: haya, tawala wewe. Baadaye ndiyo likawa kutelekeza. Siku hizi hata mtu akicheza bila kujizuia wanalitumia. Sasa kawaulize, mama yako alimkabidhi nani?"

Niliandika yote kwenye daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na niliamini anayejua asili ya neno hashindwi.

Kosa, kusema kweli, lilikuwa letu. Kabla ya kuja Mbarara mama alishusha turubai la paa, akang'oa na mlango, akaviweka kwa mama jirani, maana Rubondo turubai lisilo na mwenyewe halimalizi wiki. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Lakini afisa aliyepita kukagua aliona kuta nne na mbuzi wa watu ndani.

Mama na mimi tulishuka basi Rwekubo asubuhi, tukaenda moja kwa moja kiwanjani. Afisa, Mnyankore mpole, mwenyeji wa huko, alikuja na karatasi zake. Nikafungua daftari, nikaanza na Wafaransa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akamgeukia mama.

"Mama, nyumba hakuna paa, hakuna mlango. Sisi tunajua wewe umeenda kabisa."

Mama alikwenda kwa jirani, akarudi na jembe lake. Kwetu Kivu, Kongo, mwanamke anayehama huondoka na jembe. Anayesafiri tu huliacha kwa jirani. Mwaka wa tisini na sita, tulipokimbia, wenzetu walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba jembe hilohilo begani na mdogo wangu mgongoni, nami niliona haya kutembea na mama anayeonekana anakwenda shamba.

"Afisa, miye najua kuacha fasi, kuacha mahali kabisa," alisema. "Kwetu niliacha. Nilitoka na hii jembe. Hapa sikutoka nayo."

Hakungoja jibu. Alifukuza mbuzi, akainama, akaanza kulima mbele yetu, pigo baada ya pigo. Afisa alimtazama mstari mzima, akatoa kalamu, akalifuta lile neno.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nilisimama pale na daftari langu nikikumbuka jinsi mama alivyotuambia njiani, mwaka ule, tusilie, tutarudi nyumbani kabla mahindi hayajakomaa. Alituambia hivyo akiwa na jembe begani.