Wageni wanakunywa chai juu ya kaburi la mama

Leo nimeliona kaburi la mama yangu kwenye simu ya mteja.

Hapa hapa Kariakoo, kibandani kwangu, nikiuza viatu vya mtumba.

Kijana kaja kutafuta buti. Anaongoza wageni kwa miguu siku mbili, milimani kwetu Uchagani, kuona mifereji ya kale na mapango walimojificha mababu.

Nikamwambia, "Huko ndiko kwetu. Nitazikwa huko, kando ya mama."

Akafurahi, akafungua picha. "Hapa ndipo tunapopumzika, bibi."

Wazungu wanne wamekalia kaburi, vikombe mkononi. Msalaba hakuna. Masale, ile mimea yetu ya heshima tuliyopanda kulizunguka, yameng'olewa yote.

Lile jiwe la kichwani nalijua. Nililibeba mwenyewe kutoka mtoni.

"Nani kawaruhusu?"

"Mwenye shamba, bibi. Aliuziwa na mzee mmoja wa pale."

Akamtaja mdogo wangu, tumbo moja!

Kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, chenye makaburi. Na Krismasi alinipigia: "Dada, kwetu kuko salama."

Buti nimemuuzia yule kijana. Zimemkaa vizuri.

Msinitume mahakamani. Shamba lina mwenyewe, na magoti yangu hata ngazi hayapandi. Nyie mnaojua kila kitu humu, niambieni, nitazikwa wapi?

Sisi Wachagga, ukiletewa jani la sale, lazima usamehe.

Mdogo wangu, usihangaike. Sale la kuniombea msamaha lilikuwa kaburini kwa mama, nawe umeliuza.