Mshumaa wa Waridi Uliowaka Mapema

Mimi sina kifua, na sioni haya kulisema. Siri ikiingia kwangu asubuhi, adhuhuri imeshafika sokoni na kurudi. Ndiyo maana hadi leo watu wa parokia yetu hawaamini kwamba niliwahi kukaa na jambo wiki nzima bila kulitapika. Lakini nilikaa nalo, na lilinichoma vibaya.

Jambo lenyewe lilimhusu Mama Funguo. Huyu ndiye mtunza sakristia wetu, kile chumba cha nyuma ya altare ambamo padri huvalia mavazi ya misa. Kazi hiyo ameishika miaka ishirini na sita. Funguo zake ni saba kwenye pete moja ya chuma, zinaning'inia kiunoni, na utamsikia kabla hujamwona. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu unatazamana na wake, na kanzu zote za watumishi wa altare zimepita chini ya sindano yangu. Kwa hiyo namjua. Namjua hata anavyokohoa akiwa na hasira.

Mumewe alifariki zamani. Mtoto ni mmoja tu, binti, naye anafanya kazi mji wa mbali. Nilishawahi kumuuliza kwa nini asiende kukaa na bintiye, apumzike, alelewe. Akanitazama kama niliyemtukana. "Nikienda huko, asubuhi niamkie nini?"

Sasa Majilio yakifika, zile wiki nne kabla ya Krismasi, ndipo utamjua vizuri. Wengine Majilio kwao ni kushonesha nguo na kupaka rangi ukuta wa mbele. Yeye anatoa vitambaa vya zambarau, anavipiga pasi kimoja kimoja, anaondoa maua altareni, na ole wako akukute unaimba wimbo wa Krismasi kabla ya siku. "Mtoto hajazaliwa, nyie mshaanza kumbembeleza!" Sisi wanakwaya tunamwogopa kuliko padri.

Na taji la Majilio ni lake. Analisuka mwenyewe kwa majani mabichi, analiweka juu ya meza ndogo karibu na mimbari, anasimamisha mishumaa minne: mitatu ya zambarau, mmoja wa rangi ya waridi. Dominika ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo mpaka minne. Ule wa waridi ni wa dominika ya tatu, dominika ya furaha. Hata mtoto wa chekechea kwetu anajua. Yeye huuweka upande wa ukutani. Wa kwanza huuweka mbele, upande wa waumini, na wa pili kulia kwake. Mpangilio huo haujabadilika tangu aanze.

Mwaka huo, Jumamosi ya kuamkia dominika ya pili, nilikwenda kurudishia pindo la kitambaa cha ile meza. Lilikuwa limefumuka. Nikalinyanyua taji na mishumaa yake, nikaliweka chini, nikashona, nikalirudisha. Nilirudishaje? Hapo ndipo penye neno. Sikutazama. Nyumbani nilikuwa na magauni sita ya harusi ya watu, akili yangu yote ilikuwa kwenye vifungo.

Kesho yake kanisa limejaa. Kwaya tumesimama, Mama Funguo anatoka na kijiti chake cha moto, taratibu, kichwa juu. Mimi ni sauti ya pili, nasimama pembeni kabisa, hatua tatu kutoka kwenye meza. Nikaona mkono wake wa kushoto umetangulia. Vidole vinatambaa ukingoni mwa meza, vinatafuta kona, vinapanda kwenye majani, vinagusa mshumaa wa mbele. Akauwasha. Akapapasa kulia, akauwasha na wa pili. Akainamisha kichwa, akarudi zake.

Huo wa kulia ulikuwa ule wa waridi.

Wa dominika ya kwanza ulikuwa kushoto, umeshaungua kidogo, hauna moto. Watoto walicheka kwanza. Halafu besi mmoja akabanwa na kikohozi cha uongo, na mstari mzima wa nyuma ukaanza kutikisika. Baba Paroko aliendelea na sala kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama vile vidole. Yule mama haoni. Anahesabu kwa mkono. Na mimi ndiye niliyemgeuzia taji.

Mara nikakumbuka mengi. Nilikumbuka alivyokuwa akija na sindano yake nimtungie uzi: "Sindano za siku hizi zina matundu ya kichoyo." Nilikumbuka alivyonipita njiani mara mbili bila salamu, nikanuna wiki nzima. Nikajiona mjinga.

Baada ya misa, Mwenyekiti wa akina mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. Huyu ni mama mwenye duka la vyombo, mkubwa wa umbo na wa sauti, akisema jambo limesemwa. "Dominika ijayo baada ya misa, halmashauri tunakaa. Tutazungumza habari ya sakristia. Mwenye macho haambiwi tazama." Kila mtu alielewa: funguo zinakwenda.

Ningesema palepale: "Jamani, kosa langu, mimi niligeuza taji." Rahisi, sivyo? Lakini mtu angeuliza: "Kwani yeye hakuona rangi?" Nikimtetea, namvua nguo. Nikinyamaza, anaonekana amechanganyikiwa na uzee. Nikanyamaza. Mimi! Mume wangu siku hiyo aliniuliza kama ninaumwa.

Jumatano nilivuka njia, nimejikaza, leo nasema. Nikamkuta ameketi ukumbini anasugua vinara vya shaba kwa kitambaa, pete ya funguo iko mapajani.

"Karibu, Fundi."

"Umenijuaje, Mama? Sijapiga hata hodi."

"Ndala zako zinaburuta. Nilishakwambia ununue nyingine."

Nikakaa. Nikapewa chai. Kabla sijafungua mdomo, akaanza yeye. "Mwanangu, nimewaaibisha. Nimezeeka, nimesahau ni dominika ya ngapi." Kumbe ameshaambiwa na watu, na ameshachagua la kujibu. Alikuwa radhi aitwe mwenye kusahau kuliko aitwe kipofu.

"Hukusahau," nikasema.

Aliweka kinara chini. "Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Naona kama mtu anayechungulia kioo chenye mvuke. Binti yangu ameshapanga na hospitali tangu katikati ya mwaka wamtoe. Kila wakinipa tarehe nasema nina mafua."

"Mama! Kwa nini?"

"Nikilazwa, funguo zitashikwa na mwingine. Na funguo zikishatoka mkononi mwa mzee, hazirudi. Watasema pumzika, Mama, umefanya kazi kubwa. Watanipa na kanga." Akacheka kidogo, bila furaha. "Naogopa kisu, sikufichi. Lakini naogopa zaidi hiyo kanga."

Hapo ndipo ningesema kosa langu. Badala yake nikamaliza chai, nikaaga, nikaenda kulia jikoni kwangu mbele ya masufuria. Heri mwenye mdomo kama wangu aseme ovyo kuliko anyamaze pale anapotakiwa kusema.

Dominika ya tatu niliwahi kanisani kabla ya mtu yeyote. Nikalisogeza taji mpaka likakaa alivyolipanga, wa waridi ukutani. Wakati ulipofika, akatoka, vidole vikatangulia, akawasha mitatu bila kosa. Hakuna aliyecheka. Ila ule wa waridi ulikuwa umeshapungua, na hilo kila mtu aliliona.

Tukakaa kikao katika chumba cha katekisimu, kwenye viti vya watoto, magoti yetu kidevuni. Baba Paroko, Katekista, Mwenyekiti, sisi viongozi wa vikundi. Mama Funguo aliketi karibu na mlango, pete ameishika kwa mikono miwili. Mwenyekiti alipofungua tu kinywa, mimi nikasimama, na kile kiti kikasimama nami.

"Mimi ndiye niliyegeuza taji!" nilisema, tena kwa sauti ya ugomvi. "Jumamosi, nikishona. Yeye aliwasha mahali palepale pa siku zote. Kama kuna wa kunyang'anywa kitu, nipokonyeni mimi sindano!"

Nikang'oa kiti, nikakaa. Nikajua nimeharibu, sasa kila mtu anajua. Sikuthubutu kumtazama Mama Funguo.

Baba Paroko akajikuna shingo. "Tangu mwaka jana," alisema polepole, "nepi za kitabu cha masomo... samahani, tepe za kitabu. Tepe nazipanga mwenyewe kabla ya misa. Zinakuwa kwenye kurasa nyingine kabisa." Padri wetu bado kijana; alitoka jasho mpaka ulimi ukateleza, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Katekista akatazama viatu vyake. "Divai naijaza mimi. Siku moja nilikuta ameweka siki."

"Siki!" Mama Funguo akanong'ona.

"Niliibadilisha, Mama. Hakuna aliyekunywa."

Mwenyekiti akapiga meza. "Na mimi je? Nani mnadhani anafua madoa ya nta kwenye vitambaa vya altare kila Ijumaa? Nachukua, nafua, napiga pasi, narudisha kimyakimya kama mwizi. Mwaka na nusu! Mgongo wangu huu si wa chuma!" Akamgeukia Mama Funguo, na ile sauti yake kubwa ikakatika katikati. "Dada yangu, nani amesema anataka funguo zako? Nimeitisha kikao tukushike mkono uende hospitali. Nimechoka kukuona unapapasa ukuta, na mimi najifanya natazama kwingine."

Machozi yalimtoka Mama Funguo, hakuyafuta. "Kumbe nyote mlikuwa mnajua," alisema, "na mimi nakesha nikijificha." Nilitamani ardhi inimeze, tena si mimi tu. Wenzangu walimwonea huruma mwaka mzima, mimi wiki nzima, na hatukumwambia neno.

Halafu akanyoosha mkono, pete mbele. "Basi. Nani anashika?"

Mwenyekiti akakikunja kile kiganja, funguo zikiwa ndani. "Nenda nazo."

"Hospitali?"

"Nenda nazo. Baba Paroko ana ufunguo wa akiba wa mlango. Yaliyobaki yatakusubiri."

Akaenda Jumanne, binti amekuja kumchukua. Daktari alianza na jicho la kulia. Tulisikia kwamba muuguzi alimwomba aache vyuma nje ya chumba cha upasuaji, ukazuka ugomvi, mwisho binti akazishika zile funguo mlangoni mpaka mama yake akatoka. Dominika ya nne alikuwa bado kwa bintiye, ameambiwa asiiname wala asikae penye vumbi.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya misa, tukasikia funguo. Akaingia sakristia na miwani myeusi mikubwa, akaivua, akatutazama mmoja mmoja. Kwangu alisimama. "Fundi, umenenepa." Nikamkumbatia hata hivyo. Akachungulia kanisani, akaona meza ndogo.

"Hilo taji linafanya nini pale? Majilio yamekwisha, leo Krismasi!"

"Hayajaisha," Mwenyekiti akajibu. "Bado mshumaa mmoja."

Na kweli. Mitatu ilikuwa imeungua, wa waridi mfupi kuliko ulivyopaswa kuwa, kwa aibu yangu. Wa nne ulikuwa mzima, haujaguswa na moto.

"Dominika ya nne mbona hamkuwasha?"

"Kiberiti kiko kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa nao wewe."

Mama Funguo akatazama mishumaa mikubwa ya altare, inawaka yote miwili. "Na ile mmewasha kwa moto wa mbinguni?"

Katekista akakisukuma kiberiti chake ndani zaidi ya mfuko. Mwenyekiti akatazama dari. Baba Paroko akaanza kutafuta stola yake ya shingoni, aliyokuwa ameshaivaa.

Mama Funguo akachagua ufunguo, akafungua kabati, akatoa kijiti na kiberiti chake, akatoka mbele ya watu wote. Tulitakiwa tuanze kuimba, na sauti ya pili ilichelewa kuingia kwa sababu mimi nilikuwa namtazama mkono. Ule wa kushoto, uliokuwa ukitangulia siku zote, safari hii ulitulia ubavuni mwake mpaka mshumaa ukawaka.