Mnaolala kambi za Naivasha: kuna pahali sikuwahi kufyeka nyasi

Wakuu, niaje.

Najua mzee wa miaka themanini na saba kusema niaje inachekesha, lakini mjukuu wangu Zawadi ndiye alinifungulia account hapa, na amesema nikianza na "hamjambo" mtanipita.

Hii si story ya kuokota. Ilinipata mimi, na kovu liko kwa goti la kushoto. Mwenye kubisha abishe, bora amalize kusoma kwanza.

Juzi mtu aliweka video ya Amerika hapa. Watu wamelala kwa magari ya nyumba ndani ya park, dubu anakuja kufungua cooler yao. Mkaanza kusema hakuna kama hao wazungu kwa ujasiri. Nikacheka peke yangu. Sisi hatuna dubu. Tuna kiboko, na kiboko hataki chakula yako. Anataka umpishe.

Haya, twende.

Miaka ya hamsini, Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, ikielekea kuisha, nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini. Baba alikuwa fundi wa reli Nakuru. Tulitoka Bunyore tukakaa kwa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Akanitafutia kazi kwa mzungu aliyekuwa na shamba kando ya Lake Naivasha, si mbali na Kamere ya leo.

Huyo tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna mfanyakazi aliyewahi kuona kichwa chake. Alikuwa na kambi ya caravan. Wazungu walitoka Nairobi wakivuta hizo nyumba zao na gari, wanavua samaki weekend, wanarudi.

Kazi yangu ilikuwa slasher. Nafyeka kutoka barabarani hadi kwa maji, peke yangu. Nikimaliza upande huu, ule mwingine umeota tena.

Lakini kulikuwa na mkanda mmoja unaoteremka mpaka ziwani ambao sikuwahi kuugusa. Nyasi yake ilikuwa fupi, safi, kama kichwa kimetoka kwa kinyozi. Wiki ya kwanza nilishukuru Mungu. Wiki ya pili nikajiuliza: kama si mimi nakata, ni nani?

Nikachunguza. Nyayo za vidole vinne, pana kama sufuria. Kichaka cha pembeni kimerushiwa mavi mpaka juu. Jibu nikapata. Ni kiboko. Akitoka kwa maji usiku anapanda na hapo akila, na alfajiri anashuka na hapo hapo.

Tangu siku hiyo sikushika slasher asubuhi kabla sijasoma nyayo. Zilizopanda, halafu zilizoshuka. Nikiona zote, naanza kazi. Hakuna mtu alinifundisha hiyo, na najivunia mpaka leo.

Sasa Ijumaa moja ikaingia familia. Bwana, bibi yake, na msichana wa kama miaka minne. Caravan mpya kabisa, rangi ya maziwa. Bwana akazunguka kambi yote, na kwa hiyo kambi yote akachagua wapi?

Palepale kwa kinyozi.

Nikaenda na slasher yangu. "Bwana, hapa ni njia ya kiboko. Tafadhali weka pale kwa miti."

"Wewe kazi yako nini?"

"Kufyeka, bwana."

"Basi fyeka."

Nikakimbilia Bwana Kofia. Akaniambia mgeni analala anapotaka, na nikimsumbua tena nitamwaga unga, na kipande changu, kile kitambulisho cha kazi, kitaandikwa vibaya.

Vijana, hamjui kuandikwa vibaya ilikuwa nini siku hizo. Kazi ingine hupati, unarudishwa reserve ya kwenu. Na wadogo zangu wanne walikuwa wanakula kwa jasho la baba na langu. Nikarudi kufyeka. Sitawadanganya, niliogopa, na nikajichukia kwa kuogopa.

Jumamosi kukakucha na ukungu na manyunyu. Kukiwa na baridi hivyo, kiboko hana haraka ya kurudi, maana hakuna jua la kumchoma. Saa moja nikaenda kusoma. Zilizopanda zimezunguka caravan, tope bado mbichi.

Zilizoshuka, hakuna.

Nikatafuta tena. Hakuna!

Wakuu, pigeni hesabu. Kiboko bado yuko juu kwa vichaka, maji yako chini, na caravan iko katikati. Kiboko aliyezibiwa maji hana breki.

Na yule msichana ameketi kwa nyasi na mdoli wake, katikati ya njia. Mama yake yuko hatua chache, anachemsha chai kwa stovu. Nikasikia matawi yakivunjika huko juu.

Hapo sikukumbuka kipande wala nini. Nikatupa slasher, nikamnyakua mtoto, nikatoka mbio. Si mbele, kando! Nikielekea kwa miti.

Mama akapiga nduru kwamba nimeiba mtoto. Hebu fikirieni, Mwafrika anakimbia na mtoto wa mzungu, wakati wa Emergency! Bwana akajitokeza mlangoni, povu la kunyolea shavu moja, bastola mkononi. Nilimwona akinilenga. Sikusimama. Mama akanifuata na mwiko, na huko kunifuata ndiko kulimtoa kwa njia.

Nikajikwaa kwa mzizi, goti likapasuka, mtoto juu ya kifua changu.

Ndipo akapita.

Meza, viti, stovu, chai, vyote vilienda. Akagonga kona ya caravan ikageuka, bwana akaangukia ndani na bastola ikaingia kwa tope. Halafu tukasikia maji, pwaaa! 

Bwana alipotoka hakusema asante. Alimchukua mtoto wake, akamshika kwa muda mrefu. Povu lilikuwa bado liko shavuni. Kisha akaniuliza, polepole, "Njia yake inapita wapi?"

Nikamwonyesha. Akanifuata nyuma hatua kwa hatua.

Jumatatu Bwana Kofia mwenyewe akaniletea chokaa. Nikapanga mawe meupe pande zote mbili za ile njia, na mgeni akiingia anaambiwa amuulize yule wa slasher. Yaani mimi, mfyeka nyasi, nawaambia wazungu: wewe hapa, wewe pale, hapo hapana. Nilikuwa natembea kifua mbele, acheni tu.

Mwaka jana Zawadi alinipeleka camping huko. Nilikuwa nimechoka, nikafungua kiti changu kwa nyasi fupi. Kijana mmoja wa gumboots akaja mbio.

"Mzee, samahani, hapo hatukai. Ni njia ya kiboko."

"Nani alisema?"

"Hata sijui, mzee. Nilipata ikiwa hivyo."

Zawadi akaniangalia, akingoja niseme.  Nilikunja kiti nikahama, machozi yakinilenga.

Funzo ni dogo. Ukipata pahali pazuri na hujui nani anapatunza, uliza kwanza. Na umuulize mwenye slasher, si mwenye kambi.

Wenye wamelala huko, wekeni yenu kwa comments. Na akipita mtu, aniangalizie, maana siku ile macho yalijaa machozi sikuyatafuta: yale mawe bado yanapakwa chokaa?