Milioni Moja na Moja

Mwalimu Muganyizi wa sekondari ya Pasiansi alikuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa namba. Kwa namba alikuwa laini kama bibi kwa wajukuu. Aliyoipenda kuliko zote ni milioni moja na moja. Kila mwaka, tangu sabini na saba, aliwaambia kidato cha pili kwamba hiyo ni namba tasa: haigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Kisha akawataka wahakikishe.

Kazi aliigawa kama matuta ya shamba la shule. Namba tasa zilizo chini ya elfu moja ni mia moja sitini na nane. Wanafunzi arobaini na wawili, kila mmoja nne zake. Kupita elfu hakuna haja, alisema. Kigawanyo kikubwa hakitembei peke yake, lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo tumeshawamaliza. Kila mwaka majibu yalirudi yale yale: baki, baki, baki. Mzee wa watu akafurahi.

Mwaka wa tisini na sita, Jumamosi asubuhi, alikuwa barazani akisahihisha. Katika daftari la Paskazia akaona mahali palipofutwa mpaka karatasi ikachakaa. Juu pameandikwa "baki 1". Ukilielekeza kwenye mwanga, chini yake panasomeka: mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Baki sifuri.

Akazidisha mwenyewe. Ikatoka milioni moja na moja, kamili.

Mtu mzima ana njia nyingi za kufunika aibu, na Muganyizi alizipitia zote Jumapili ile. Yeye mwenyewe hakuwahi kuigawanya namba ile. Alipewa na mwalimu wake, na nani amkague mwalimu wake? Jumatatu akamwita Paskazia.

"Kwa nini ulifuta?"

"Mwalimu, ulishasema ni tasa. Sasa mimi nani nikuaibishe?"

Akaingia darasani akakiri mbele ya wote. Kisha akaandika ubaoni milioni moja na tatu, asiseme ni tasa wala si tasa. Wakagawanya wiki nzima, kila mtu akionyesha njia, naye akirudia kila hesabu. Mabaki mia moja sitini na nane, sifuri hakuna hata moja. Hiyo ndiyo tasa ya kweli.

Ijumaa akapita Mkolani, dukani kwa Mayala, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye tangu biashara huria iruhusiwe nchini alikuwa akiuza saa na vikokotoo kutoka Dubai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akamsimulia yote, akitarajia mshangao.

Mayala akainamisha macho. "Mwalimu, hata sisi, mwaka wa themanini na tatu, tuliiona hiyo sifuri. Darasa zima tulijua. Tukakubaliana tusikwambie, maana ulikuwa unaifurahia sana namba yako."

Maneno yale yalimuuma kuliko sifuri yenyewe. Muganyizi akatafuta mahali pa kukaa.